Nondo Wanaosafiri na Mvua

Huenda wewe msomaji umepata kuliona jambo hili kwa macho yako, na kama hukuliona, bila shaka wamo nyumbani kwenu waliolishuhudia. Kiangazi kimekuwa kirefu, kisha mvua ikanyesha. Mkulima akapanda mahindi, yakachipuka vizuri, yakafikia majani sita au saba. Jioni moja mkulima akapita shambani, akaridhika, akaenda zake kulala. Siku chache baadaye akaona majani yametobolewa hapa na pale, asitie maanani. Kisha asubuhi moja akakuta ardhi yote ni nyeusi nayo yatambaa. Ni viwavi, maelfu kwa maelfu, kila mmoja ana urefu wa kidole kidogo cha mtoto, wote wanakwenda upande mmoja kana kwamba wamepewa amri. Juma halijaisha, shamba limebaki vijiti vitupu. Na siku mbili tatu baadaye viwavi wenyewe hawapo. Hapana mzoga wala hapana njia waliyopita.

Hao ndio viwavijeshi. Swali alilojiuliza mkulima yule, akisimama mbele ya shamba lake lililoangamizwa, lilikuwa swali fupi: wametoka wapi, nao wamekwenda wapi? Sehemu ya pili ya swali yaweza kujibiwa na mtu yeyote mwenye jembe. Sehemu ya kwanza iliwachukua wataalamu miaka mingi sana, na kisa cha jinsi walivyoipata jibu ndicho ninachotaka kukusimulia.

Wako watu waliosema kwamba viwavi hawa huanguka pamoja na mvua. Usiwacheke. Waliosema hivyo waliangalia mambo kwa makini kuliko unavyodhani, kwa kuwa viwavi kweli hutokea siku chache baada ya mvua ya kwanza, hutokea kwa wingi mahali pengi kwa mara moja, na jana yake hapakuwa na hata mmoja aliyeonekana. Mtu asiye na darubini wala kalamu ya kuandikia aliyoyaona mwaka jana na mwaka juzi angesema nini jingine? Na utakapofika mwisho wa habari hii utaona kwamba hawakuwa mbali sana na ukweli. Walichokosea ni kimoja tu: hakianguki kiwavi, bali huja mama yake.

Mama huyo ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, ambaye ukimkuta ukutani karibu na taa hutamgeukia mara mbili. Akizinyosha mbawa zake, hazizidi sana sentimita tatu kutoka ncha hadi ncha. Mchana hujificha, usiku ndio huruka. Huyataga mayai yake kwa mafungu juu ya majani ya nyasi au ya nafaka, akayafunika kwa manyoya meusi ayatoayo mwilini mwake. Katika maisha yake mafupi, ambayo hayafiki majuma matatu, nondo jike mmoja aweza kutaga mayai mia kadhaa, pengine hata elfu moja. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na viwavi wachanga, wadogo kama ncha ya sindano, hutoa nyuzi nyembamba za hariri, wakaning'inia na kupeperushwa hadi kwenye majani mengine. Wakati huo wao ni kijani kama majani yenyewe, na hapana mkulima awaonaye.

Hapo ndipo hasara inapoanza kimya kimya. Kiwavi hula kwa muda wa majuma mawili au matatu, akijivua ngozi mara kwa mara kila inapombana. Katika majuma ya kwanza hula kidogo sana. Sehemu kubwa ya chakula chake chote hukila katika siku za mwisho, na siku hizo ndizo mkulima anapomwona. Imesemwa na waliopima kwamba viwavi wawili tu watosha kuumaliza mche wa mahindi wenye umri wa siku kumi. Sasa fikiri shamba ambalo katika kila mita moja ya mraba wamo viwavi mia, au mia tano, au elfu moja na zaidi, maana idadi kama hizo zimepata kuhesabiwa. Chakula kikiisha huanza safari ya miguu kutafuta kingine, na safari hiyo ndiyo iliyowapatia jina la jeshi. Wakishiba hujichimbia udongoni, kina cha sentimita mbili au tatu tu, wakageuka bundo, yaani ile hali ya kulala kimya ndani ya ganda kabla ya kutoka kuwa nondo. Basi hapo ndipo walipokwenda. Mkulima aliyedhani wametoweka alikuwa amesimama juu yao.

Hawali kila kitu, nalo hili linafaa kukumbukwa. Chakula chao ni jamii ya nyasi na ndago: mahindi, mtama, wimbi, mawele, ngano, mpunga, miwa changa, na malisho ya ng'ombe. Maharagwe yaliyopandwa katikati ya mahindi huachwa yamesimama yenye afya njema, jambo ambalo humtia mkulima uchungu zaidi. Mfugaji naye hana salama. Mbali na kwamba nyasi huliwa zikaisha, imeonekana mara nyingi kwamba ng'ombe waliolishwa kwenye malisho yaliyotoka kuvamiwa hupata madhara, na wengine hufa.

Katika vitabu vya elimu ya wadudu nondo huyu huitwa Spodoptera exempta. Aliyempa jina lake la pili ni Francis Walker, aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London katikati ya karne ya 19, akiwapa majina maelfu ya wadudu walioletwa kutoka pande zote za dunia. Jina la kwanza ni la ukoo. Kwa miaka mingi wataalamu waliuita ukoo huo Laphygma, na ukikuta kitabu cha zamani kisemacho habari za Laphygma exempta, ujue ni huyu huyu. Ndugu zake wa ukoo ni wengi, na karibu wote ni wasumbufu. Yuko mmoja aliyeitaabisha sana pamba ya Misri, na yuko mwingine wa Marekani ambaye nitamtaja baadaye, maana naye amekwisha kufika kwetu.

Kwa muda mrefu viwavi wa nondo huyu waliwachanganya watu, kwa sababu wana sura mbili. Wale wa jeshi ni weusi, wana mistari ya rangi ya njano au kijani ubavuni, ni wepesi, hawatulii, na hulia chakula chao juu ya majani penye jua. Lakini wako wengine wa kijani au rangi ya kahawia hafifu, wazito wa mwendo, ambao hukaa chini kwenye mashina ya nyasi, mmoja hapa na mwingine kule. Aliyewaona wote wawili angeapa kwamba ni wadudu wa aina mbili.

Fumbo kama hilo lilikuwa limekwisha kufumbuliwa kwa nzige. Mwaka wa 1921 mtaalamu aitwaye Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wa kundi na panzi fulani mpweke, ambao watu waliwahesabu kuwa jamii mbili, ni mdudu mmoja mwenye tabia mbili. Huko Afrika ya Kusini, J. C. Faure alilichukua wazo hilo na kulijaribu kwa viwavi. Aliwalea wengine peke yao na wengine wakiwa wamesongamana, na mwaka wa 1943 akaandika matokeo: aliyelelewa peke yake alikuwa kijani na mpole, waliolelewa katika msongamano waligeuka weusi na wenye haraka. Mayai ni yale yale, mama ni yule yule. Kinachowabadilisha ni kuwa pamoja au kutokuwa pamoja.

Tafakari kidogo maana ya ugunduzi huo. Ikiwa kiwavi mweusi na kiwavi wa kijani ni mmoja, basi mdudu huyu hatoweki asilani mwaka mzima. Yumo nyasini, amevaa nguo nyingine, na sisi twapita tusimtambue. Lakini yumo nyasini wapi? Je, kila wilaya ina viwavi wake wa kijani wanaongoja mvua, ama kuna mahali pamoja wanapotoka wote?

Juu ya swali hili wataalamu walikuwa na mawazo mawili. Wengine walidhani kwamba bundo hulala udongoni wakati wote wa kiangazi, kisha mvua huwaamsha. Ni wazo la busara, kwa sababu wadudu wengi hufanya hivyo. Ila kila bundo lililochunguzwa lilitoa nondo wake baada ya juma moja au majuma mawili, mvua inyeshe isinyeshe, hapakupatikana aliyelala. Wazo la pili lilikuwa kwamba nondo hutoka mbali wakiruka. Wazo hilo lilikuwa gumu kusadiki. Mdudu mwepesi hivyo, ambaye pumzi ya mtoto yaweza kumwangusha, atavukaje nyika?

Jibu lilitafutwa Muguga, katika nchi ya Kikuyu karibu na Nairobi, palipokuwa na makao ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki, lililozitumikia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Katika miaka ya 1960 mtaalamu E. S. Brown na wenzake waliweka mitego ya taa katika vituo vya kilimo vya nchi hizo. Mtego wenyewe ni kitu rahisi: taa kali inayowashwa usiku, na chini yake chombo cha kuwapokea wadudu wanaoifuata. Kazi ngumu ni ya asubuhi. Lazima mtu ayamwage yaliyomo, achambue mamia ya wadudu wa kila namna, amtambue nondo anayetakiwa, ahesabu, aandike, kisha apeleke hesabu Muguga. Alifanye hilo kila siku, hata siku ambazo hesabu ni sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Majina ya wengi waliofanya kazi hiyo hayakuandikwa popote, lakini hapana ubishi kwamba bila madaftari yao elimu hii isingalikuwapo.

Hesabu hizo zilipowekwa juu ya ramani pamoja na habari za mvua na pepo, picha ikaanza kutokea. Nondo hawakuongezeka polepole kila mahali. Mtego uliokuwa na sifuri usiku huu ulijaa usiku wa pili. Mitego ya mashariki ilijaa kwanza, kisha ile iliyo mbele yake, na muda kati ya wimbi moja na jingine ulikuwa kama mwezi mmoja, yaani muda ule ule wa yai kuwa nondo. Brown aliandika ushahidi huo pamoja na Swaine mwaka wa 1966, na mwaka wa 1969, pamoja na Betts na Rainey, akaeleza mwendo wa nondo hao katika mwaka mzima.

Mwendo wenyewe ni huu. Mvua za vuli zinapoanza, viwavi wa kwanza huonekana katika nchi kavu za mashariki ya Tanzania na kusini mashariki ya Kenya, sehemu zisizokuwa mbali sana na pwani. Watoto wao wanapopata mbawa hupanda juu jioni giza liingiapo, mamia ya mita kutoka ardhini, na huko hukutana na upepo utokao upande wa bahari. Upepo huwachukua usiku kucha kuelekea magharibi na kaskazini magharibi. Wanakoshuka hutaga, na kizazi kingine hufuata. Kwa njia hiyo, hatua kwa hatua, huingia nyanda za juu za Kenya, Uganda, na mwishowe Ethiopia, wakati mwingine hata kuvuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni.

Na kwa nini waje pamoja na mvua? Mahali penye dhoruba ya mvua, pepo hutoka pande mbalimbali zikakutana. Nondo waliotawanyika juu ya nchi pana husukumwa hadi hapo, wakakusanyika, wakashuka pamoja. Kesho kutwa nyasi changa zachipuka pale pale walipotaga. Waliosema viwavi huanguka na mvua walikuwa wameona sawasawa.

Tangu mwaka wa 1969 Muguga ilianza kutoa utabiri wa kila wiki. Hesabu za mitego na habari za mvua zilikusanywa, wataalamu wakapima ni wilaya gani zilizo katika hatari, na onyo likapelekwa kwa maafisa wa kilimo kabla viwavi hawajaonekana. Umuhimu wake utauona ukikumbuka zile siku za mwisho za ulaji wa kiwavi. Dawa inayofika baada ya viwavi weusi kuonekana mara nyingi hufika shambani palipokwisha kuliwa, na fedha za mkulima huwa zimekwenda mara mbili. Mwenye siku saba za kujiandaa huenda akawahi viwavi wakingali wadogo.

Mmoja wa watabiri hao alikuwa P. O. Odiyo, ambaye mwaka wa 1979 aliieleza kazi ya utabiri mbele ya wataalamu wa dunia katika jarida la Royal Society la London. Mwaka wa 1981 akaandika habari za miezi ambayo watu walidhani haina nondo, kuanzia Julai hadi Desemba, na jinsi mavamizi ya kwanza yanavyoanza kati ya Kenya na Tanzania. Katika miezi hiyo nondo huendelea kuishi wachache wachache, palipo na mvua za hapa na pale na nyasi zisizokauka, hasa upande wa pwani, na viwavi wao ni wale wapole wa kijani. Kwa hiyo mkaazi wa pwani aweza kupita kila siku kando ya nyasi zenye mbegu ya msiba utakaofika Nakuru miezi mitano baadaye.

Waliokuwa bado na shaka walipata ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1980 watafiti hapa Kenya walitumia rada, chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kugundua ndege za vita, wakawaona nondo wakipanda angani jioni na kufuata upepo. Nondo wengine walitiwa alama, na baadhi yao wakanaswa katika mitego iliyokuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka walipotokea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1985.

Sasa waona kwamba nondo huyu hajui mpaka wa nchi, na utabiri wake hauwezi kuwa wa nchi moja. Mtego wa Morogoro ni onyo la Machakos, na mtego wa Machakos ni onyo la nchi zilizo mbele yake. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika. Habari za mgawanyo wa reli na ndege za Jumuiya zimeandikwa sana. Habari za daftari la nondo hazikumshughulisha mtu, ingawa kwa mkulima wa mtama huenda daftari hilo lilikuwa na thamani kuliko ndege. Bahati njema kazi haikufa. Ilichukuliwa na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika ya Mashariki, lililoanzishwa mwaka wa 1962, na baadaye kila nchi ikawa pia na watabiri wake. Mitego ya taa nayo ikapata mwenzi: mtego mdogo usiohitaji umeme, wenye harufu iliyotengenezwa mfano wa harufu ya nondo jike, ambao huwavuta madume.

Viwavi wana maadui wengine mbali na binadamu. Korongo na kuroro huwafuata na kujaza matumbo. Adui mkubwa zaidi haonekani kwa macho: ni virusi ambavyo mwishoni mwa msimu huenea kati yao, wakafa wakining'inia kwenye majani, miili yao imegeuka maji. Nchini Tanzania virusi hivyo vimejaribiwa kama dawa, maana havimdhuru mtu wala nyuki. La ajabu ni kwamba viwavi weusi hustahimili ugonjwa huo kuliko wale wa kijani. Yaonekana mwili wa kiwavi unaposikia msongamano hujiandaa kwa maradhi yanayokuja na umati.

Kumjua adui kwa jina lake ni nusu ya vita. Mwezi wa Januari 2009 serikali ya Liberia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya viwavi, na habari zikaenea kwamba ni viwavijeshi. Walipochunguzwa wakaonekana kuwa watoto wa nondo mwingine kabisa, Achaea catocaloides, ambaye hula majani ya miti. Kwetu limetokea kosa la namna nyingine. Mwaka wa 2016 ndugu wa ukoo aliyetoka Marekani, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka wa 2017 akawa amefika Kenya. Huyu twamwita kiwavijeshi vamizi. Ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Hatembei kwa jeshi kama jamaa yake, bali hujificha ndani ya moyo wa mhindi, na akishaingia katika nchi hukaa mwaka mzima. Watu wengi sasa husema "viwavijeshi" wakimaanisha yeye tu, wakamsahau yule wa zamani. Yule wa zamani hakuondoka: mwaka wa 2022 alivamia tena mashamba na malisho ya Kenya, Uganda na Ethiopia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilosa, Tanzania, lilifanywa jambo ambalo waanzilishi wa Muguga huenda wasingalilitazamia. Kila kijiji kilipewa mtego mmoja wa harufu na kipima mvua kimoja, na wanakijiji wakachagua wenzao wa kuvitunza. Wateule hao walifundishwa kumtambua nondo, kumhesabu, kuilinganisha hesabu na mvua iliyonyesha, na kuamua wenyewe kama juma linalofuata ni la hatari. Hawakungoja barua kutoka makao makuu. Asubuhi mtu alikwenda mtegoni na daftari, akahesabu, akatazama maji yaliyomo katika kipimo, kisha akarudi kijijini akawaambia jirani zake kama waingie shambani kuangalia chini ya majani.